Kiboko, kobe na mwanasayansi aliyechagua kuwaambia watoto ukweli

UMEWAHI kumwomba mtoto wa mtaani akutajie wanyama anaowajua? Jaribu leo jioni. Mtoto wa Umoja au Pipeline ambaye hajafika hata Naivasha atakutajia pengwini, dubu, papa na dinosaria wa kila aina, tena kwa majina marefu ambayo wewe mwenyewe yatakushinda kutamka. Amewaona kwenye katuni.

Sasa muulize jina la yule ndege mkubwa mwenye kipara anayekaa juu ya miti karibu na uwanja wa Nyayo, ambaye mtoto huyo humpita kila siku akiwa ndani ya matatu. Atanyamaza. Na tusidanganyane, hata wewe huenda ukanyamaza.

Anaitwa kongoti. Sasa unajua.

Si kosa la mtoto. Mtoto hujua kile alichosimuliwa, na kwa miaka mingi vitabu vizuri vya watoto kuhusu wanyama, vyenye picha kubwa na karatasi inayong'aa, vimetoka ng'ambo. Hata simba wetu tumezoea kusimuliwa na mgeni aliyekuja kwa wiki mbili, akapiga picha, akarudi kwao.

Ndiyo maana safari ya Dkt Paula Kahumbu inafaa kujulikana na kijana yeyote mwenye ndoto ya kuandika. Wengi wetu tunamfahamu kama mtetezi wa ndovu, au yule mama wa kipindi cha Wildlife Warriors kwenye runinga. Wachache wanajua kuwa jina lake limo kwenye jalada la kitabu cha watoto kilichosomwa pande nyingi za dunia, na kwamba kisa kilichomo hakikubuniwa. Kilitokea hapa hapa kwetu, Malindi na Mombasa.

Mwana wa kiboko ufuoni

Mwishoni mwa 2004 mvua kubwa ilinyesha, na kundi la viboko likasukumwa na maji ya Mto Sabaki hadi baharini, karibu na Malindi. Kisha Desemba 26 likatokea tetemeko kubwa chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Tsunami ikavuka Bahari ya Hindi na kuua zaidi ya watu 220,000 katika nchi mbalimbali. Ilipofika pwani ya Kenya ilikuwa imepungua nguvu, lakini bahari ilichafuka vya kutosha.

Siku iliyofuata, wakazi wa Malindi walimwona kiboko mchanga kwenye mwamba, peke yake. Mama hayupo, kundi halipo. Watu walijitosa majini na kamba na nyavu za wavuvi kumwokoa. Usifikiri ilikuwa kazi rahisi. Kiboko hana mahali pa kushikwa, ngozi yake inateleza kama sabuni, na huyu "mtoto" alikuwa na uzani wa zaidi ya robo tani. Mwishowe mgeni mmoja aitwaye Owen Saubion alimrukia na kumkaba hadi nyavu zikamfunika. Kiboko naye akapewa jina lake: Owen.

Hangeweza kurudishwa porini. Kiboko mchanga akiingia katika kundi la viboko asiowajua, madume wanaweza kumuua. Kwa hivyo akapakiwa kwenye gari na kupelekwa Haller Park, kule Bamburi, Mombasa.

Mahali penyewe pana kisa chake. Zamani palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe lisiloota hata nyasi. Kuanzia 1971, mtaalamu wa kilimo René Haller alipanda mivinje, miti inayostahimili chumvi. Shida ikawa majani ya mivinje hayaozi haraka. Haller akaleta jongoo. Jongoo wakayala majani, kinyesi chao kikawa udongo, na polepole msitu ukasimama. Ebu fikiria: wale jongoo tunaowakanyaga bila kujali walisaidia kujenga msitu.

Humo ndani aliishi kobe wa aina ya Aldabra, wanaotoka visiwa vya Shelisheli. Alikadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, na jina lake lilikuwa Mzee. Hakuwa mtu wa watu, kama tunavyosema. Alipenda kukaa kivyake.

Owen alipofunguliwa kamba, alikimbia moja kwa moja hadi kwa Mzee na kujificha nyuma yake, jinsi kiboko mchanga anavyojificha nyuma ya mamake. Mzee alimfokea na kujivuta kando. Owen akamfuata. Mzee akasonga tena. Owen akamfuata tena. Kulipokucha, walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu. Siku zilizofuata wakawa wanakula pamoja, wanaogelea pamoja, na kulala pamoja.

Picha moja, kitabu kimoja

Wakati huo Dkt Kahumbu ndiye aliyekuwa meneja wa kampuni iliyosimamia mbuga hiyo. Hakusikia habari hii kwa redio. Ilikuwa kazini kwake. Mtunzaji wa wanyama, Stephen Tuei, ndiye aliyekuwa na Owen na Mzee siku baada ya siku. Mpigapicha na mwanahabari Peter Greste, raia wa Australia aliyekuwa akifanya kazi Kenya, ndiye aliyepiga picha zilizozunguka dunia.

Moja ya picha hizo ilimfikia msichana wa miaka sita huko Marekani, Isabella Hatkoff. Alitaka watoto wenzake wajue kisa hiki, na babake, Craig Hatkoff, akakubali kumsaidia. Wakaungana na Dkt Kahumbu na Greste, na mnamo 2006 kitabu Owen & Mzee kikachapishwa na Scholastic. Kikawa miongoni mwa vitabu vya watoto vilivyouzwa sana Marekani. Mwaka uliofuata kikaja cha pili, kuhusu jinsi wawili hao walivyokuwa wakiwasiliana. Mnamo 2008 kundi hilo la waandishi likatoa Looking for Miza, kuhusu sokwe mchanga wa milimani aliyepotelewa na mamake katika Virunga, Kongo.

Angalia walivyogawana kazi. Mtoto alileta hamu ya kujua. Mzazi alileta kalamu. Mpigapicha alileta ushahidi. Na mwanasayansi alileta kitu ambacho bila hicho kitabu kingekuwa ngano tu: alikuwepo, na alijua ni nini kinachoweza kusemwa na nini hakiwezi.

Ugumu wa kusema kweli

Hapa ndipo kuna funzo kwa wale wanaotaka kuandikia watoto. Tumelelewa na hekaya za Sungura na Fisi, ambamo wanyama huongea, hudanganyana, hukopa na hukataa kulipa. Ni tamu na zina kazi yake. Lakini kitabu cha ukweli kuhusu wanyama kina sheria nyingine: huruhusiwi kumtilia mnyama maneno mdomoni.

Na majaribu yapo, bana. Mbona Mzee asimwambie Owen, "Usilie, mwanangu, mimi nitakuwa mamako"? Watoto wangelia, wazazi wangenunua. Lakini hakuna aliyemsikia kobe akisema hivyo. Kilichoonekana ni kobe aliyefoka, akasogea, kisha akaacha kusogea. Kilichoonekana baadaye ni kiboko anayemng'ata kobe miguu taratibu ili atembee, na kobe anayemng'ata kiboko mkia. Hayo yaliandikwa kwa sababu yalishuhudiwa.

Kwa nini Mzee alimkubali Owen? Wanasayansi hawakuwa na jibu la uhakika. Mtu mzima anayekiri mbele ya mtoto kwamba hajui anamfundisha jambo ambalo mitihani yetu haimfundishi. Mtoto anagundua kuwa maarifa hayajaisha, na kwamba kuna maswali yanayomsubiri yeye akue ayajibu.

Kisha kuna sehemu ngumu zaidi. Urafiki ule haukudumu milele. Owen alikua, kama viboko wote wanavyokua. Kiboko dume akikomaa hupita tani moja kwa urahisi, na mchezo wake mmoja unaweza kumgeuza kobe mzee chali au kumjeruhi. Zaidi ya hayo, Owen alihitaji kuishi kama kiboko, si kama kobe. Baadaye akakutanishwa na kiboko jike aitwaye Cleo, na Mzee akaondolewa.

Ungekuwa wewe mwandishi, ungemwambiaje mtoto wa miaka saba hayo? Wengi wetu tungeishia pale kwenye picha ya kulala pamoja, tukafunga kitabu. Lakini anayeandika ukweli hawezi kuishia hapo kila mara. Watoto wetu wanajua kuachana. Wengine wameachwa kwa nyanya huku mama akienda kutafuta riziki Saudia. Wengine wamehama mtaa usiku, kodi ikiwa imeshindikana, bila kuwaaga marafiki. Mtoto wa aina hiyo hahitaji kufichwa kwamba watu wapendanao hutengana. Anachohitaji ni kuambiwa pia kwamba Owen alipata maisha mengine, na Mzee hakudhurika.

Alikotoka

Dkt Kahumbu alizaliwa Nairobi mnamo 1966. Amesimulia mara kadhaa kuwa akiwa mtoto, yeye na nduguye walikuwa wakimtazama mnyama fulani juu ya mti, hawamjui ni nani. Jirani akasimama akawaeleza: huyo ni perere, yule mnyama mdogo wa mitini anayepiga kelele usiku utadhani kuna mtu ananyongwa. Akawaambia pia kuwa wakiwa na maswali zaidi, waje kwake kuuliza.

Jirani huyo alikuwa Richard Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale ambaye baadaye aliongoza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Utasema, "Ah, huyo alikuwa na bahati, jirani yangu mimi huuza mutura." Ni kweli, na hatuwezi kujifanya kwamba kila mtoto huzaliwa karibu na Leakey. Lakini tazama Leakey alifanya nini hasa. Hakutoa pesa wala ufadhili. Alisimama, akataja jina la mnyama, akasema njoo uulize tena. Hilo hata muuza mutura anaweza kulifanya, ikiwa naye kuna mtu aliyempa jina hilo utotoni.

Halafu kuna la kushangaza: perere, mdogo kama paka, ana nasaba na ndovu. Mtoto aliyeanza na perere alikuja kuwa mtaalamu wa ndovu. Mnamo 1989, kabla ya Rais Daniel arap Moi kuteketeza tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, Kahumbu alikuwa miongoni mwa waliozihesabu na kuzipima. Fikiria kijana wa miaka ishirini na kitu akishika pembe moja baada ya nyingine, akijua kila jozi ni ndovu aliyeuawa. Baadaye alifanya utafiti wa uzamifu wa Chuo Kikuu cha Princeton kuhusu ndovu wa Shimba Hills, Kwale, na mnamo 2021 akatawazwa Mvumbuzi Bora wa Mwaka na National Geographic.

Kitabu kiko wapi?

Sasa tuulizane swali lenye uchungu kidogo. Kisa kilitokea Malindi na Bamburi. Je, ni watoto wangapi wa Malindi na Bamburi wamekishika kitabu hicho mkononi?

Kitabu cha picha kilichochapishwa ng'ambo kikifika kwenye duka la vitabu la mjini, bei yake inaweza kuwa sawa na unga na mafuta ya nyumba kwa siku kadhaa. Mzazi hatauliza mara mbili. Atanunua kitabu cha kiada alichoagiza mwalimu, basi.

Wala si Owen na Mzee peke yao. Chukua Wangari Maathai. Kuna vitabu kadhaa vizuri vya picha vinavyowasimulia watoto maisha yake na miti yake. Kimoja kinaitwa Mama Miti, jina la Kiswahili safi. Mwandishi wake ni Donna Jo Napoli, Mmarekani. Kingine, Wangari's Trees of Peace, ni cha Jeanette Winter, Mmarekani vilevile. Hawajakosea, wamefanya kazi nzuri na tuwashukuru. Swali ni letu: kwa nini mtoto wa Ohio apate kitabu cha picha kuhusu Wangari kwa urahisi kuliko mtoto wa Ihithe, Nyeri, alikozaliwa Wangari?

Dkt Kahumbu mwenyewe amelalamika hadharani kwamba filamu za wanyama wetu zimetengenezwa kwa miaka mingi kwa ajili ya watazamaji wa nje, na Wakenya wengi hawazioni. Hakuishia kulalamika. Alihamia pale ambapo watoto wengi zaidi wapo: runinga. Mnamo 2019 Wildlife Warriors ilianza kupeperushwa na Citizen, ikiwaonyesha Wakenya wanaotafiti na kulinda wanyama. Mtoto anayetazama akiwa kwenye kochi huko Kayole anaona kuwa mtu anayefuata fisi au kasa kwa kazi anaweza kuwa na jina kama lake na lafudhi kama yake.

Hata hivyo, runinga haiwezi kufanya kazi yote ya kitabu. Kipindi kikiisha kimeisha. Kitabu mtoto hukirudia mara ishirini, anakisoma kichwa chini miguu juu, anakipaka uji, anamlazimisha kila mgeni amsomee. Maarifa humwingia kwenye kule kurudia.

Na wale walioumizwa je?

Kuna hoja moja ambayo mwandishi wa wanyama hapa Kenya hawezi kuikwepa. Kwa msomaji wa New York, kiboko ni mnyama wa kuchekesha. Kwa mvuvi wa Naivasha au mkulima wa Baringo, kiboko ni yule aliyemuua jirani au kumaliza shamba la mahindi usiku mmoja. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, na familia nyingi zimelalamika kuisubiri kwa miaka.

Mtoto wa familia hiyo ukimletea kitabu kinachosema viboko ni marafiki zetu, atakuona mwongo. Na atakuwa amesema kweli.

Ndiyo maana kitabu cha mambo ya kweli kina nafasi kubwa hapa kwetu kuliko hata huko kwingine. Kinaweza kumweleza mtoto kwa nini kiboko hutoka majini usiku, kwa nini ni hatari kusimama kati yake na maji, na kwa nini kumwona hushuka mtoni na maji yakipungua kunaleta ugomvi zaidi. Maarifa ya aina hiyo yanaweza kuokoa maisha ya mtoto, na ya kiboko pia.

Zamu yako

Kama umefika hapa na unajiuliza "sasa mimi nifanye?", huhitaji digrii ya Princeton kuanza.

Anza kusoma. Maktaba ya McMillan katikati ya jiji, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, yapo kwa ajili yako. Kwenye intaneti kuna African Storybook, ambako hadithi za watoto zinapatikana bila malipo kwa Kiswahili na lugha zetu nyingine, na wewe pia unaweza kuandika yako. Kama uko shuleni au unafundisha, uliza kuhusu Wildlife Clubs of Kenya, vilabu vilivyoanza mwaka wa 1968 na ambavyo vina jarida lao la wanafunzi liitwalo Komba.

Kisha chagua mnyama mmoja aliye karibu. Usiende mbali. Kongoti wa Nyayo, tumbili wa City Park, mwewe anayenyakua mandazi mkononi mwa mwanafunzi. Mtazame wiki mbili. Andika kile unachokiona, saa ngapi, anakula nini, anagombana na nani. Usiandike anachofikiria, kwa maana hukijui. Muulize anayemjua zaidi yako, awe mlinzi, mchuuzi au mtafiti wa Makavazi ya Kitaifa. Halafu msomee mtoto mmoja ulichoandika. Akianza kupiga miayo, futa hapo.

Na ukikosa mnyama, anza na mto. Mto Nairobi unaopita Gikomba na Korogocho, ule tunaoupita tukiziba pua, hauishii Dandora. Huelekea mashariki na kuingia Mto Athi. Athi ukishuka huitwa Galana, na Galana ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Ule ule Sabaki. Chupa ya plastiki inayotupwa Gikomba leo inaweza kupita mbele ya pua ya kiboko kabla ya kutokea baharini Malindi, pale alipopatikana Owen.

Kuna mtoto wa darasa la tatu huko Korogocho ambaye hajui kwamba mto wa nyuma ya nyumba yao unafika kwa viboko na baharini. Hakuna aliyemwambia bado.